Penseli Laini na Mpaka wa Sudi

Juma lililopita nilikabidhi dira, mnyororo wa kupimia, fito sita za bendera na kabati moja lisilofungika vizuri. Karani aliyepokea akaniuliza kama kuna chochote kilichobaki. Nikamwambia vipo vingi, ila havimo kwenye orodha. Basi yeye na wenzake wakanisihi niviandike, nao watavisoma wakipata nafasi. Najua maana ya kupata nafasi, lakini naandika hivyo hivyo, kwa sababu tangu niache kazi siwezi kukaa. Mke wangu Zuhura anasema nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sitaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Nitaeleza habari za penseli. Wazee wetu wa pwani waliiita kalamu ya risasi, na wengine wanaiita hivyo mpaka leo. Nyinyi mnapewa boksi zima na mnazitafuna ncha. Mimi nimeitafuta penseli nzuri kutoka Kilwa Kivinje mpaka Sudi, na kwa ajili ya penseli mbaya mjane mmoja nusura apoteze kisima chake. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa muda mrefu, kwamba ni kwa ajili ya penseli.

Nilizaliwa Kivinje, nikasoma chuo cha Kurani na baadaye shule ya serikali, nikaajiriwa Lindi kuwa mwandishi wa vipimo. Kazi yenyewe ni hii: mpima anachungulia kwenye dira, anaita tarakimu kwa sauti, nawe unaziandika kwenye kitabu cha vipimo. Digrii ngapi, futi ngapi, kuna nini kushoto, kuna nini kulia. Kitabu kinarudi ofisini, mchora ramani anachora anachokisoma humo. Niliona ni kazi ya sikio na mkono tu. Akili, nilidhani, ni ya wengine.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kupima njia ya kupanda Kipatimu, kwenye vilima vya Wamatumbi. Mpima wetu aliitwa Bwana Pell, Mwingereza mwembamba aliyekuwa na Kiswahili kilichonyooka lakini kisicho na salamu. Nilikwenda na kalamu ya wino na chupa ya wino mfukoni, maana mwalimu wangu alitufundisha kuwa mtu wa heshima huandika kwa wino. Siku mbili niliandika kwa mwandiko ambao hata mimi niliupenda. Siku ya tatu mvua ikatushukia mteremkoni, hakuna mti wala nyumba. Tulipofika penye kibanda Bwana Pell alikichukua kitabu, akakishika kwa pembe moja. Wino wa bluu ukachuruzika mpaka kwenye kiatu chake.

"Tumepima nini siku hizi mbili?" aliniuliza.

"Njia, Bwana."

"Iko wapi?"

Nilitazama kiatu. Kesho yake tulirudi chini kuanza upya. Washika mnyororo, wanne, walikuwa wameuburuta mnyororo ule siku mbili penye mawemawe na miiba, na sasa wakauburuta tena kwa sababu yangu. Hawakusema nami njia nzima. Kiongozi wao, Mmwera mmoja mpana wa mabega aliyeitwa Nalinga, ndiye pekee aliyefungua kinywa. "Karani," alisema, "wino wako mtamu sana. Hata mvua imeunywa."

Tuliporudi Lindi nilipelekwa kwa Bwana Kaitano, mchora ramani, Mgoa mwenye miwani minene. Aliketi karibu na dirisha tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga, na alikuwa na desturi ya kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Aliniwekea penseli tano mezani.

"Andika jina lako kwa kila moja," alisema. "Usitazame. Sikiliza."

Nilifanya hivyo. Ya kwanza ilikwaruza kama kucha kwenye sufuria. Ya pili ilikuwa laini, lakini nilipopitisha kidole jina likawa wingu. Ya tatu iliandika, ikakatika, ikaandika. Ya nne ilikuwa ngumu mno, ilichora mfereji kwenye karatasi na kuacha rangi kidogo sana. Ya tano haikutoa sauti. Iliteleza kama samli kwenye chapati ya moto, na mstari wake ulikuwa mweusi, mwembamba, sawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipaka kidole mate nikalipitia jina. Halikutoka.

"Hiyo," Bwana Kaitano alisema. "Sasa unajua. Bahati mbaya, kwa sababu nyingine zote zitakuudhi mpaka ufe."

Alinifundisha kuichonga kwa kisu kidogo, si kwa wembe, nikiivuta kuelekea kwangu bila haraka mpaka risasi itokeze urefu wa ukucha, halafu kuinoa ncha kwenye kipande cha msasa. Alinifundisha kuishika kwa mbali kidogo, kidole kisibanwe, kwa maana mwandishi anayebana penseli huanza kukosea kabla ya adhuhuri. Na alinipa sheria za kitabu cha vipimo. Usifute kwa raba. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lako, uandike lililo sawa kando yake, ili kila mtu aone kuwa ulikosea. Na kamwe usipitie tarakimu mara ya pili.

"Kwa nini?" niliuliza. "Ikiwa imefifia?"

"Ukiandika mara ya kwanza, unaandika ulichosikia. Ukipitia mara ya pili, unaandika unachodhani."

Ile penseli ya tano ilikuwa ya mti wenye harufu nzuri, imepakwa rangi ya zambarau iliyoiva, na karibu na mwisho wake zimeandikwa herufi H mbili kwa dhahabu. Pembe zake sita zilikuwa zimelainishwa kidogo, haikuumiza kidole. Ofisi ilipewa chache kwa mwaka. Nilikuwa nikizitumia mpaka zikawa fupi kuliko kidole gumba, halafu nikazitia kwenye kipande cha unyasi niendelee. Kila nilipokwenda, Masoko, Kikole, popote palipo na duka, niliomba nionyeshwe penseli zilizopo, nikaandika pembeni mwa gazeti la kufungia sukari, nikatikisa kichwa, nikatoka. Wenye maduka walinichoka. Siku moja kwenye harusi ya binamu yake Zuhura nilimnyang'anya penseli kijana aliyekuwa akiandika majina ya wageni, nikaijaribu kwenye kiganja changu mbele ya watu.

"Baba Tatu," Zuhura aliniambia tukirudi nyumbani, "ipo siku utaniolea penseli."

"Zile nzuri hazipatikani," nilisema.

"Ndiyo maana mimi bado nipo."

Kisha vita vikaja, vile vya pili. Meli zikawa hazileti vitu vya namna hiyo. Penseli za zambarau zilikwisha mwaka wa kwanza, na badala yake ofisi ikaletewa nyingine ambazo hazikupakwa hata rangi, miti mitupu, nyepesi kama kijiti cha kiberiti. Risasi yake ilikuwa na mchanga ndani. Utaandika tarakimu mbili vizuri, ya tatu inachana karatasi, ya nne haionekani. Ukiilowesha ulimini inakuwa nzito kwa nukta moja halafu inarudi vilevile. Niliandika barua, nikawauliza mabaharia, nikamwendea hata Mwarabu mmoja wa Kivinje mwenye duka la kila kitu, mtu aliyenijua tangu utotoni. Alinitolea penseli moja kutoka chini ya vitambaa kama anayenionyesha lulu. Niliijaribu. Ilikwaruza.

"Hii ni mbaya," nilimwambia.

"Mbaya, ndiyo," alisema. "Lakini ya kwako ni mbaya zaidi, ndiyo maana umekuja."

Hakukosea. Niliichukua.

Hali ndiyo hiyo tulipotumwa Sudi. Kulikuwa na mwenye shamba la mkonge aliyepewa ruhusa ya kulipanua, na ilibidi mpaka upimwe kati ya shamba lake na ardhi ya wanakijiji. Wazee wa kijiji na msimamizi wa shamba walitembea pamoja wakakubaliana: kutoka njiani mpaka kwenye kichuguu kikubwa, kutoka kichuguu mpaka kwenye mwamba mweupe uliopo ukingoni mwa mikoko. Vijana wa kijiji wakafyeka mstari wote ili tuone. Sisi kazi yetu ilikuwa kupima tu.

Mstari ule wa mwisho, wa kwenda kwenye mwamba, ulipita ubavuni mwa shamba la mjane aliyeitwa Bi Somoe. Alikuwa mtu wa makamo aliyeelekea uzeeni, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali. Marehemu mumewe alimwachia kisima kilichojengwa kwa mawe na mikorosho iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri. Tulipofika pale jua lilikuwa utosini. Alitukaribisha maji ya kisima chake, baridi, matamu, siyo ya chumvi kama visima vya karibu na bahari. Nilikunywa vibuyu viwili. Nakumbuka hilo vizuri kuliko tarakimu.

Bwana Pell alichungulia kwenye dira akaita. Niliandika. Jasho lilikuwa likinidondoka kwenye karatasi, na penseli ile ilikuwa ikikwaruza na kufifia, nami mkono ukiniuma kwa kuikandamiza. Tulikuwa na haraka, lori lilikuwa likitungoja njiani. Ukurasa ulipojaa niliutazama nikaona ni kama umeandikwa kwa moshi.

Alasiri ile, tukiwa kambini, wenzangu wakipika, nilikifungua kitabu nikaona aibu. Nilijua Bwana Kaitano atakipokea, ataondoa miwani, ataivaa tena. Nilikuwa nimebakiza kipande kimoja cha penseli ya zambarau, kidogo mno, nilichokitunza kwa ajili ya kuandikia nyumbani. Nikakitoa. Nikapitia ukurasa mzima, tarakimu moja moja, polepole, kwa mwandiko mzuri. Na nitasema kweli: nilifurahi. Baada ya siku nzima ya kukwaruza, mkono wangu ulipumzika kwenye zile tarakimu kama mtu aliyevua viatu. Sikudhani kuwa navunja sheria. Nilidhani natengeneza.

Ramani ikachorwa, ikatiwa sahihi. Miezi ikapita, majani yakaota kwenye mstari uliofyekwa. Kikundi kingine, siyo sisi, kikaenda Sudi na ramani mkononi kusimika bikoni, zile nguzo fupi za saruji mnazozijua. Wao hawakutembea na wazee. Walifuata karatasi, kama inavyotakiwa.

Bi Somoe alikuja Lindi kwa miguu, akilala Mingoyo kwa watu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi barazani mwa ofisi, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa ndipo ilipo karatasi iliyokula kisima changu."

Nilimwingiza ndani kwa Bwana Kaitano. Alieleza bila kulia. Nguzo ya saruji imesimama nyuma ya kisima chake, hatua nyingi ndani ya shamba lake, mbali na ule mwamba mweupe. Msimamizi wa shamba la mkonge alikuja kumwambia kwa adabu kuwa kisima na mikorosho sasa vimo upande wake. Wazee walipopinga, alifungua ramani akawaonyesha. Ramani ilikuwa na muhuri.

Bwana Kaitano alitoa kitabu cha vipimo, akatafuta ukurasa, akaweka kidole. "Digrii mia moja ishirini na saba," alisema. "Nimechora mia moja ishirini na saba. Kitabu na ramani vinakubaliana, mama."

Bi Somoe hakukitazama kitabu. Alinitazama mimi. "Wewe ulikuwepo. Ulikunywa maji yangu. Siku ile kisima kilikuwa upande wa nani?"

"Upande wako, Bibi."

"Basi?"

Nikasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia hunifanya nisimame popote nilipo nikatembee kidogo. Nikasema, "Lakini kitabu, Bibi."

Alitoka. Hakurudi Sudi. Alifikia kwa jamaa yake hapo mjini, na kesho yake asubuhi alikuwa barazani tena, ameketi palepale, hasemi na mtu. Nami sikuweza kuketi. Nilichonga penseli ambazo zilikuwa zimechongwa. Nilikwenda stoo kuhesabu fito. Kila nilipopita mlangoni alinitazama, siyo kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mpishi kuona kama chakula kimekaribia.

Siku ya pili, Bwana Kaitano alipokwenda kula, nilikichukua kitabu nikakipeleka dirishani. Nawaambieni hili mlijue, kwa sababu ni la ufundi: penseli ngumu yenye mchanga, hata kama haiachi rangi, huacha mfereji. Ukiinamisha karatasi mpaka mwanga uingie kwa ubavu, mfereji unaonyesha kivuli chake. Niliinamisha. Chini ya ile saba yangu nzuri, nyeusi, yenye shingo iliyonyooka, kulikuwa na mfereji wa kijiti kimoja na kimkia kidogo kichwani, kama nilivyozoea kuiandika moja. Mstari wa juu wa saba haukuwa na mfereji wowote. Ulikuwa wa ile penseli ya zambarau peke yake. Bwana Pell aliita mia moja ishirini na moja. Nami kambini, kwa raha zangu, niliongeza digrii sita. Kwenye urefu wa futi elfu moja, digrii sita ni zaidi ya futi mia. Na kwa kuwa mstari ule uliishia ukingoni bila kurudi ulikoanzia, hakukuwa na hesabu ya kutukamata.

Nilikirudisha kitabu mahali pake. Siku ile yote sikusema, na usiku wake nikasogeza sahani kando. Zuhura aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia. Aliuliza jambo moja tu. "Huyo mama anakula wapi mchana akiwa barazani kwenu?"

Sikujua. Sikuwa nimefikiri kuwa anakula.

Asubuhi Zuhura alinifungia mihogo na samaki kwenye jani la mgomba nimpelekee. Nilimpa. Alipokea, akasema ahsante, akaanza kula. Nilisimama pale nikimwangalia anatoa miba, na nikaona kuwa kama nitaingia ndani bila kusema, sitaweza kusema tena maisha yangu yote.

Nilimwendea Bwana Kaitano kwanza. Nilimwonyesha ukurasa dirishani. Aliondoa miwani.

"Ulipitia," alisema.

"Nilipitia."

"Tarakimu ngapi?"

"Ukurasa mzima."

Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa. "Jina langu liko chini ya ramani ile," alisema mwisho. "Nenda kwa Bwana Pell kabla sijasimama mimi."

Bwana Pell alinisikiliza akiwa amesimama. Nilieleza yote, na nilieleza sana habari za penseli, mchanga wake, namna zilivyofifia, namna nilivyoandika barua kuomba nyingine. Alikiinamisha kitabu dirishani muda mrefu.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema.

"Najua, Bwana."

"Kesho tunakwenda Sudi. Yule mama atapanda lori pamoja nasi. Utaandika wewe, kwa sababu nataka uandike mwenyewe. Tukirudi utaacha kitabu, utashika mnyororo."

Kabla ya kuondoka Bwana Kaitano alifungua mkebe wa bati mezani pake, akatoa penseli ya zambarau ambayo haijachongwa bado. Ilikuwa ya mwisho aliyokuwa nayo. Alinipa, nikaitia mfukoni. Ndani ya lori nilimweleza Bi Somoe habari ya ile moja na ile saba, na zaidi habari za penseli zangu.

Tulifyeka upya. Wazee wakatembea tena mpaka kwenye mwamba, msimamizi wa shamba la mkonge akifuata nyuma na ramani yake imekunjwa. Bwana Pell alichungulia kwenye dira, akaita mia moja ishirini na moja, akaita tena, akaita mara ya tatu bila mimi kumwomba. Nalinga na wenzake waliuvuta mnyororo. Mstari ulipita mbali na kisima, ukaenda kugusa mwamba mweupe kama vidole viwili vinavyokutana. Bikoni ikang'olewa, ikasimikwa panapostahili.

Ilipaswa nifurahi. Lakini wakati Bi Somoe yuko Lindi, wafanyakazi wa shamba walikuwa wameanza kusafisha ardhi waliyoambiwa ni yao, kwa ajili ya kupanda mkonge. Mikorosho kumi na saba ilikuwa imekatwa. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Bi Somoe alitembea kutoka kisiki hadi kisiki, akigusa kila kimoja kwa unyayo. Msimamizi aliomba radhi, na nafikiri alimaanisha. Naye alifuata karatasi.

Bwana Pell aliandaa hati ya makubaliano mapya, wazee wakatia sahihi. Akamsogezea Bi Somoe kidau cha wino wa dole gumba.

"Naandika," Bi Somoe alisema. "Nipeni kalamu."

Nikampa ile ya Bwana Kaitano. Aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kuinua mkono, na penseli haikutoa sauti hata kidogo. Alipomaliza aliitazama.

"Ni nzuri," alisema. "Hii ndiyo iliyoandika vibaya siku ile?"

"Hapana, Bibi. Ile ilikuwa mbaya mno. Ilikuwa na mchanga, ilikuwa haionekani..."

"Iliandika moja?"

"Ndiyo."

"Na nzuri ikaandika saba?"

Alinirudishia penseli yangu. "Basi usiniambie tena habari za kalamu, mwanangu."

Nilishika mnyororo zaidi ya mwaka. Nalinga alinipokea bila kejeli, jambo lililokuwa gumu kuvumilia kuliko kejeli. Alinifundisha kutembea sawa, kuuvuta mnyororo usilegee, kuuinua juu ya visiki. Nilijifunza kuwa futi elfu moja ni nyingi. Mwandishi akiketi kwenye kivuli huandika futi elfu moja kwa tarakimu nne tu. Kwa miguu ni mawe, ni upupu, ni siafu. Viatu vyangu viliisha. Mkono wangu wa kuandika ukapata sugu mahali ambapo karani hana sugu.

Vita vilipokwisha nilirudishiwa kitabu. Bwana Kaitano alikuwa amekwisha kwenda kwao, hakungoja kuniona. Siku moja nilipita Kivinje, na yule Mwarabu wa duka akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. Meli imeleta. Alinifungulia boksi, zimepangwa kumi na mbili, zambarau, herufi za dhahabu. Niliijaribu moja kwenye karatasi ya kufungia chai. Ilikuwa ileile. Iliteleza, mstari mweusi, mwembamba, kidole kimetulia. Nilikuwa nimeingoja miaka yote ya vita. Nilisimama pale dukani, nikaandika mistari mitatu, minne, mwenye duka akitabasamu, nami nikingoja moyo utulie pamoja na kidole. Haukutulia. Nikaandika mstari mwingine. Niliona mkono wangu ukijiendea kwa raha, na raha ile niliijua, ilikuwa ya alasiri ile kambini.

Nilipopata likizo, mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka. Nilimuaga Zuhura, nikachukua jembe na kifuko cha korosho za mbegu nilizoziloweka siku mbili, nikaenda Sudi. Bi Somoe alikuwa akiteka maji. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka iliyopita. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama jembe, akatazama kifuko. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Kumi na saba," alisema.

"Kumi na saba, Bibi."

Alinionyesha pa kuanzia. Nilichimba mashimo matatu, nikatia mbegu tatu tatu, nikafukia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kisima, fimbo mkononi. Nilipochimba la nne alisimama, akaja, akaingiza fimbo ndani ya shimo akaitoa, akaipima kwa kidole.

"Halijafika. Na yale matatu ya kwanza pia hayajafika. Fukua."

Nilitazama mashimo yangu. Yalikuwa yamefukiwa vizuri, udongo umesawazishwa, yanapendeza. Nikafukua.

Ilichukua siku mbili. Alipima kila moja. Siku ya pili jioni alinipa maji ya kisima, akaniambia niwasalimie nyumbani, akaingia ndani kwake. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge mpaka kwenye vidole, na kwa siku nne sikuweza kushika penseli ya namna yoyote, laini wala ngumu. Siku nne hizo nilikaa kitako nyumbani kwangu, mikono imefungwa vitambaa, na Zuhura akanilisha.